Mayai Yaliyooshwa

“Nimesema halitoki hata moja!”

“Basi tutoke sisi. Mimi na watoto tutangulie, na mama yako tumbebe na kiti chake.”

Bi Funga alikuwa mlangoni mwa stoo, taulo amelikandamiza puani. Mumewe, fundi redio, alisimama mbele ya friji bovu alilolifanya mashine ya kutotolesha vifaranga, mikono kaitanua kama golikipa anayesubiri penalti.

Asubuhi hiyo, chai ikiwa mezani, yai moja lilikuwa limepasuka humo ndani. Halikupasuka ili kifaranga atoke. Lililipuka, pu! Uji wa kijani ukawarukia wenzake kumi na mmoja, na harufu ikapita ukumbini mpaka ndani ya vikombe. Bi Funga alikuwa ameuma mkate. Aliutema kiganjani mbele ya wanawe, jambo ambalo mtoto wake akilifanya hula kofi.

Yeye ni mkaguzi wa afya, mwenye diploma yake ukutani. Miaka kumi na mitatu ameingia jikoni mwa hoteli na nyuma ya mabucha, na kwa jinsi anavyozifunga bila kupepesa macho, mji mzima unamwita Bi Funga. Ameona funza wakitembea kwenye nyama na panya akizaa ndani ya gunia la unga, na mchana akala vizuri tu. Leo, nyumbani kwake, mate yalikuwa yanamjaa mdomoni kama mwenye mimba changa.

“Limeoza moja, yatafuata mengine,” alisema ndani ya taulo. “Wewe unayaangalia tu. Mara ya mwisho umeyapima lini kwa tochi?”

Fundi redio akainama kusoma kipimajoto.

“Hujayapima! Siku ya kumi na nane leo!”

“Ukiyashika ovyo unayaua.”

“Wewe unaogopa kujua yaliyokufa, sema kweli.”

“Nyie!” Sauti ya mama mkwe ilitoka sebuleni, kali kuliko umri wake. “Mkimaliza kuonyeshana ubabe mniambie, maana mlango wa friji uko wazi na mayai yangu yanapoa.”

Yalikuwa yake kweli. Kuku walioyataga waliitwa masizi: weusi manyoya, weusi kishungi, ukimfungua mdomo ulimi mweusi, ukimchinja na mfupa mweusi. Siku ya kuolewa bibi kizee alikuja na jogoo na mtetea wa aina hiyo kapuni, kapewa na mama yake, na kwa zaidi ya miaka hamsini hakuruhusu wachanganyike na kuku wa watu. Wiki ileile mayai yalipoingizwa kwenye friji, kideri kilipita kikawafagia wote, jogoo na mitetea. Uzao mzima, kwa kadiri walivyojua, ulikuwa umebaki ndani ya yale maganda kumi na mawili. Sasa kumi na moja.

“Lete tochi,” alisema Bi Funga. Alilitupa taulo begani, akavuta pumzi kwa mdomo, akaingia.

Walifunga mlango ili giza liingie. Harufu nayo ikafungiwa humo humo. Ilikuwa nzito, ya kushikika; ilikaa kwenye ulimi. Mume alitoa yai moja moja, mke akaliweka juu ya mdomo wa tochi. Kila yai lilikuwa na namba ya penseli.

Namba moja: tope tupu, linayumba ndani. Viza. Namba mbili, vilevile. Namba tatu lilikuwa linatoa jasho la njano kwenye ufa mwembamba, likamgusa kidole, na Bi Funga akaguna kama aliyepigwa tumboni. La nne ndilo lililolipuka. La tano, la sita, la saba, viza, viza, viza. Mumewe alikuwa akiyapokea na kuyaweka kwenye ndoo ya majivu taratibu, kama anayelaza watoto.

Namba nane lilikuwa jeusi lote, isipokuwa nafasi ya hewa juu, na kwenye ukingo wa ile nafasi kitu kikachezacheza.

“Yuko hai,” alinong’ona fundi redio.

La tisa halikuwa na kitu tangu mwanzo. La kumi, la kumi na moja, la kumi na mbili: hai.

“Ajabu,” alisema mume. “Mabovu yote ni ya mwanzo.”

Bi Funga alikuwa ameinamia ndoo. “Mbona namba za haya zimekolezwa hivi?”

“Zilifutika. Nikadhani ni jasho la mikono yangu, nikaziandika upya.”

Bi Funga akakumbuka. Akayaona yale mayai saba ya kwanza kabla hayajaingizwa kwenye friji, kwenye bakuli, juu ya meza yake ya kukatia mboga: mavi yamekauka juu yake, unyoya umenata. Alikuwa peke yake jikoni. Alichukua maji baridi, sabuni ya vyombo na brashi, akayasugua mpaka yakang’aa, akayafuta, akayarudisha, akajiona kafanya la maana. Matano mengine yaliokotwa siku zilizofuata, yeye akiwa kazini.

Na kila mwaka huwafundisha wapishi wa hoteli: ganda la yai linapumua, ukilisugua unaliondolea utando wake, na uchafu unaingia ndani. Hakuwa amelisahau somo. Kinyaa kilimtangulia.

“Niliyaosha mimi,” alisema.

“Uliosha nini?”

“Haya saba. Kwa sabuni na brashi. Nimeyaozesha mimi.”

Fundi redio alifungua mlango, mwanga ukaingia. Alimtazama mkewe kama anatazama redio iliyoanza kuongea yenyewe. “Na asubuhi yote hii unanigombeza mimi!”

“Ndiyo. Na kutopima ni kosa lako, hilo sifuti.”

“Amefanyaje?” aliuliza mama mkwe kutoka sebuleni.

“Ameyaosha, mama. Kwa sabuni.”

Bibi kizee akauliza: “Hakuyapiga pasi?”

Bi Funga alienda mpaka mbele ya kiti chake. “Nisamehe, mama.”

“Msamaha nitakupa. Mashine je, inafaa?”

“Haifai. Imelowa uozo, na dawa ya kuisafishia itawaua walio ndani ya ganda.”

“Basi usinisimamie hapa. Lete hayo manne.”

Bi Funga aliyafuta kwa kitambaa kikavu, bila tone la maji, uji wa kijani ukimwingia kwenye kucha. Bibi kizee akayapokea, akayatia ndani ya blauzi, mawili kushoto, mawili kulia. “Nina joto la saa moja,” alisema. “Kimbia ukatafute kuku anayeatamia.”

Nyumba ya pili alikaa fundi cherehani, na chini ya meza yake ya kukatia nguo kulikuwa na kuku wa kawaida, mchafu, mwenye utitiri, aliyekuwa akiatamia jiwe wiki ya pili sasa. Bi Funga alishamwandikia fundi huyo onyo, kwa mkono wake, amwondoe.

“Leo umekuja kumfunga mwenyewe?” aliuliza fundi cherehani, sindano mdomoni.

“Nimekuja kumwazima. Naomba, jirani.”

“Na ile barua?”

“Ichane.”

Alimwinua kuku kwa mikono mitupu. Utitiri ukampanda hadi kwenye viwiko, ukimtekenya, na hakuwa na mkono wa kujikunia. Nyumbani alimpa mumewe kuku, akamwaga nguo safi kutoka kwenye kapu lake la nguo, akaliweka pembeni mwa chumba chake cha kulala, palipo na utulivu, na kutandika maranda ndani. Sebuleni, mama mkwe akatoa mayai, moja baada ya jingine, bado ya moto.

Mumewe akamshusha kuku kapuni, na Bi Funga akayashikilia mayai kiganjani chini yake. Kuku alijitutumua, akamdonoa, akamnyea kinyesi cha mwatamizi, kile kikubwa, chenye harufu yake peke yake, kikatiririka mpaka kwenye pete ya ndoa. Hakuusogeza mkono.

“Toa mkono ukanawe,” alisema mumewe.

“Nyamaza. Anakaa.”

Kuku akashusha mbawa. Bi Funga alivuta mkono polepole, kidole kwa kidole, na mayai yote manne yakabaki ndani.