Kivuli cha Bi Sushila

Bi Sushila alikuwa jikoni kwake Hounslow, London, akichuja chai ya tangawizi, ndege kubwa zikipita juu ya paa, mjukuu wake Komal alipoingia na mwenziwe Makena. Wasichana hao walikuwa wanasomea urubani, na chuo chao kilikuwa kimewachagua kwa mashindano ya wanawake wa vyuo: kutoka London hadi Entebbe na kurudi, kwa ndege ndogo.

"Basi mniletee kivuli changu," akasema Bi Sushila. "Kilibaki Kampala mwaka sabini na mbili, tulipofukuzwa sisi Wahindi. Nimezeeka, wanangu. Sitaki nife, mwili wangu uchomwe bila kivuli."

London jua ni haba, kwa hiyo majirani hawakuwahi kugundua.

"Sawa, Ba," akajibu Komal. Ndivyo alivyomwita bibi yake.

Walifika Entebbe wakiongoza. Wakapanda teksi hadi nyumba ya zamani ya bibi, Kampala. Kivuli kilikuwa kibarazani, kimekaa kitini kikipeta mchele, kando ya mti wa asumini alioupanda Bi Sushila alipoolewa. Harufu ilikuwa vilevile alivyowasimulia.

"Kichukueni, jamani," akasema mama mwenye nyumba. "Hapo kilipo hata nguo hazikauki."

"Na kiti chake?" akauliza Komal.

"Aa, kiti kibaki. Nyumba na vilivyomo ni vyetu."

Kivuli hakikusimama, basi wakakibeba mzobemzobe. Makena akaguna. "Mama yangu! Hiki kimekula matoke ya Uganda nzima!"

Uwanjani kikapimwa. Kilikuwa kizito, maana kilikaa na hamu miaka hamsini. Ryan, msimamizi wa mashindano, akawaambia wachague: kivuli au mafuta ya akiba. Wakashusha mafuta. Ikawabidi kutua mara kwa mara kujaza, na wenzao wakawapita mmoja mmoja wakiwapungia mkono. London walifika wa mwisho, kombe limeshakwenda kwa wengine.

Siku jua lilipotoka, Bi Sushila alisimama bustanini na kivuli kikamjia miguuni. Kilimwenea. Ila yeye akisimama, chenyewe kilikaa, mgongo umenyooka, juu ya kiti ambacho hakipo.

"Kiti tulikiomba, Ba. Walikataa."

"Hatukununua kiti peke yake, mwanangu," akasema Bi Sushila. "Tulinunua nyumba."

Mawingu yakalifunika jua, lakini kivuli hakikuondoka. Kilikuwa kimezoea kungoja.