Uzito Haujafika Bado

Wendell Hollifield aliliuza gari la mbio la binti yake bila kumwambia. Mnunuzi alikuja na trela, akalivuta, na Wendell akarudi kufungua magurudumu ya lori la mteja kana kwamba hakuna kilichotokea. Kendra alipoingia gerejini na kukuta mahali pa gari ni patupu, sakafuni doa la oili tu, alisimama ameshika ukuta. Tangu ajali alikuwa hawezi kusimama muda mrefu bila kushika kitu.

"Baba, gari langu liko wapi?"

"Limekwenda Tennessee."

"Nani kakwambia uliuze?"

"Daktari kasema hutaendesha tena," Wendell akajibu bila kuinua kichwa. "Gari la nini sasa?"

Mimi nilikuwa chini ya lori lile lile, fundi wa Wendell wa miaka mingi. Kendra akageuka taratibu. Alitoka akipapasa ukuta hadi mlangoni.

Huku kwetu North Carolina mtu akikwambia anatoka familia ya mbio, huhitaji kuuliza mbio za nini. Kendra alianza kushindana kwenye viwanja vidogo vya wilaya akiwa bado shuleni, na alipogonga ukuta wa uwanja alikuwa mwanamke wa makamo ambaye vijana wengi walikuwa hawapendi kumwona kwenye kioo chao cha nyuma. Mifupa iliunga. Kilichokufa ni mshipa ndani ya sikio la kushoto, ule unaoujulisha mwili kama umesimama wima au umeinama. Akigeuza kichwa ghafla, dunia yote inageuka naye. Wakamnyang'anya leseni. Wanawake wa kanisani wakaleta mabakuli ya tambi na jibini, wakawa wanamzungumzia pale pale mezani kama vile hayupo. Maskini Kendra. Maskini wa watu. Neno hilo lilimchoma kuliko ile ajali.

Kwa hiyo akanunua usukani na pedali za kuchezea mbio kwenye kompyuta, akaniambia nimfungie kiti kilichotolewa kwenye gari bovu, na tukaviweka vyote katika chumba cha nyuma cha gereji. Kila Alhamisi jioni kulikuwa na ligi ya mtandaoni ya wilaya yetu, iliyoendeshwa na mtu aitwaye Curtis Yount. Watu waliendesha wakiwa majumbani kwao, wakizungumza kwa vipokea sauti vya masikioni, nami nilivaa vyangu nisikilize. Kendra aliamini atawashinda wote. Nami niliamini hivyo.

Akawa wa mwisho.

Si mara moja. Juma baada ya juma alikuwa wa mwisho. Dereva wa kweli gari analisikia makalioni: ukifunga breki unasukumwa mbele, ukikata kona unalalia ubavu, mwili unajua kabla ya akili. Kwenye kompyuta kiti kimekufa, hakikwambii kitu. Kendra alikuwa akifunga breki na kukata usukani kama alivyozoea, pua ya gari inagoma, inakwenda moja kwa moja hadi kwenye majani. Akiachia mafuta kwa hofu katikati ya kona, mkia unachomoka na gari linazunguka kama pia.

Bingwa wa ligi alikuwa kijana mmoja, Tanner Stamey, ambaye hajawahi kuendesha gari la mbio la kweli hata siku moja, na mdomo wake ulikuwa na kasi kuliko gari lake.

"Shangazi, unakanyaga breki kama unaua mende."

Wenzake wakacheka masikioni mwetu wote.

"Na hapo kwenye majani, shangazi, umeegesha au umepumzika?"

"Nimeegesha," Kendra akasema. "Nakusubiri upite tena, nikariri mkia wako. Ipo siku nitakuwa mbele, nawe ukariri wangu."

"Siku hiyo nitakuwa nimeshazeeka kama wewe."

Wendell alikuwa akipita mlangoni akifuta mikono. "Mtu mzima na midoli," akasema, akaendelea na safari yake.

Kendra alikuwa akienda pia kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Ofelia Bautista, mama mfupi asiye na huruma hata chembe, na nadhani ndiyo maana Kendra alimpenda. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka, kwa sababu baba yake alisema ana kazi. Siku moja Ofelia alikuwa amemsimamisha juu ya sponji laini mbele ya kioo kikubwa, anamfundisha kutembea upya. Kendra akanyanyua mguu, akapepesuka, akadaka chuma cha pembeni.

"Umenyanyua mapema," Ofelia akasema. "Uzito haujafika bado."

"Haujafika wapi?"

"Mguu wa pili. Ukitembea, uzito unahama kwanza, ndipo mguu unanyanyuka. Watu wengine hawafikirii kwa sababu sikio linawaambia. La kwako limenyamaza, basi tumia macho. Tazama bega lako kwenye kioo. Likishashuka, uzito umefika. Nyanyua."

Kendra akabaki ameshika chuma, haendi mbele wala nyuma.

"Rudia ulichosema," akamwambia.

"Kwani hukusikia?"

"Nimesikia. Rudia."

Njia nzima ya kurudi alitazama mbele juu ya boneti. Tulipofika alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma, akawasha mitambo, akaniita.

"Dewey, njoo ukae hapa. Usinitazame mimi. Tazama boneti na ule mstari wa miti kule mbele."

Akaendesha hadi kona ya kwanza, akafunga breki. Nikaona boneti inashuka kidogo tu chini ya mstari wa miti.

"Umeona? Hilo ndilo bega langu kwenye kioo. Uzito umekwenda mbele. Sasa matairi ya mbele yamekandamizwa barabarani, yana meno. Shika usukani hapa. Unasikia ulivyokuwa mzito? Sasa ndiyo nakata."

Gari likaingia kona kama limevutwa kwa kamba.

"Na zamani ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa nakata kabla halijashuka. Au nafunga breki vizuri, halafu naiachia yote kwa mkupuo. Pua inapanda, uzito unakimbilia nyuma, matairi ya mbele yanabaki hayana kazi, wakati ndipo nayahitaji. Mtu hawezi kunyanyua mguu aliousimamia, Dewey. Ndicho nilichokuwa nafanya."

Akajifundisha kuiachia breki polepole huku anaingia kona, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia mabegani. Akajifundisha kukanyaga mafuta hivyo hivyo, kwa sababu ukiyakanyaga kwa pupa, pua inanyanyuka na gari linatanuka nje ya njia. Akasikiliza matairi: yakiimba yana uhai, yakipiga kelele yameshindwa. Majira ya baridi yote alikuwa humo ndani, Wendell analalamika juu ya bili ya umeme, na kila Alhamisi alisogea. Kufikia kuchanua kwa miti alikuwa anamaliza wa pili, nyuma tu ya Tanner, na utani wa masikioni ulikuwa umepungua. Tanner peke yake ndiye aliyekuwa bado anamwita shangazi, ila sasa bila kucheka.

Fainali Curtis aliipanga ana kwa ana, katika ukumbi wa maonyesho wa wilaya, watu walipe kiingilio waje watazame. Wendell alitupeleka kwa lori lake. Nilishangaa alipokubali.

"Ukianguka mbele za watu, mimi simo," alimwambia binti yake njiani.

"Nikianguka nitainuka. Wewe endesha tu."

Tulipoingia tukakuta viti vya fainali si kama cha kwetu. Vilikuwa vimefungwa juu ya mitambo inayovitikisa na kuviinamisha, ili dereva asikie kama yuko ndani ya gari la kweli. Wenzake walifurahi. Kendra alivitazama vikitikisika.

Akamwendea Curtis, mtu mnene mpole ambaye hakupenda kugombana na yeyote.

"Cha kwangu kizime kisitikisike."

"Haiwezekani, Kendra. Kanuni zinasema vifaa viwe sawa kwa wote."

"Sikio langu halifanyi kazi, unajua. Kikinitikisa sitajua juu wala chini. Na hicho kiti kinawaambia wenzangu uzito uko wapi. Mimi nitaendesha bila kuambiwa. Nani hapo anapendelewa?"

"Akishindwa si akae nyumbani," Tanner akadakia kutoka kwenye kiti chake. "Hatujamlazimisha."

Curtis akakuna shingo. "Jaribu kwanza. Labda utakizoea."

Akajaribu. Kwenye kona ya kwanza ya mazoezi kile kiti kikainama, na Kendra akaachia usukani, akatoka akitambaa, akapiga magoti sakafuni, akatapika ndani ya kofia yake. Mama mmoja akaja mbio na chupa ya maji akisema maskini, maskini.

"Usiniguse," Kendra akasema. "Na usiniite hivyo."

Wendell alikuwa amesimama karibu na mlango. Alipiga hatua moja, halafu akasimama tena.

Kendra alikaa sakafuni hadi dunia ilipotulia. Kisha akainama chini ya kile kiti, akafuata waya wa mtambo wa kutikisa kwa mkono hadi ulipoingia ukutani, akauchomoa ncha zote mbili. Akauzungusha vizuri kiganjani, akaenda kumkabidhi Curtis kama mtu anayerudisha kikombe.

"Shika hii. Mimi naendesha."

"Kendra, kanuni..."

"Nimesikia kanuni. Anzisha mbio."

Curtis akautazama ule waya, akautazama umati uliolipa, akaanzisha mbio.

Uwanja waliopewa ulikuwa na kona moja mbaya kuliko zote, kona ya kushoto iliyokuwa kwenye mteremko mkali. Mteremko peke yake umeshaubeba uzito wa gari na kuuweka mbele. Mkia ni mwepesi kabla hata hujagusa breki. Ukifunga breki kama kwenye tambarare, mkia unakupita. Madereva wawili walizunguka pale mwanzoni tu, wakatoka. Tanner alikuwa mbele. Kila mzunguko alikuwa anachelewa kufunga breki, analitupa gari ndani kwa nguvu, kisha anapigana na usukani hadi litii. Ilikuwa inapendeza kutazama, watu wakampigia makofi.

Kendra hakuna aliyempigia makofi, kwa sababu hakukuwa na cha kutazama. Alifunga breki mapema kidogo, kwa mguu laini, akasubiri. Boneti ikishatulia, akakata. Gari lilipita kama liko peke yake duniani, na akakanyaga mafuta wakati Tanner bado anahangaika na mkia. Kichwa chake hakikugeuka hata kidogo, macho tu.

Pengo likapungua kona kwa kona. Tanner akamwona kwenye kioo. Nadhani hapo ndipo alipokosea, maana alianza kuchelewa zaidi kufunga breki ili amkimbie. Mizunguko ilipokuwa inakaribia kwisha aliingia mteremkoni kwa kasi ya mtu aliyekasirika, mkia ukamchomoka, akaudaka, lakini alikuwa ameshatanuka hadi ukingoni. Kendra alipita upande wa ndani bila haraka. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema, "Kampitaje?"

Hakumwachia tena. Alimaliza wa kwanza.

Tanner alikuwa amesimama kabla magari hayajasimama kwenye skrini. "Kachomoa kifaa. Kila mtu kamwona. Nakata rufaa."

Curtis akamwita Kendra pembeni, nami nikasogea.

"Ana haki kikanuni," akasema. "Nikikupa ushindi watanila. Tufanye hivi: nikuandike wa pili, kikombe kidogo uchukue, yaishe."

"Kwani nimekuwa wa pili?"

"Hapana."

"Basi usiniandike wa pili."

"Nitalazimika kukufuta kabisa, Kendra. Fikiria."

"Nimeshafikiria. Nifute. Hawa wote wana macho."

"Wendell, zungumza na binti yako," Curtis akasema, kwa sababu Wendell naye alikuwa amefika.

Wendell akamgeukia Curtis. "Kakwambia nini?"

"Kasema nimfute."

"Sasa mimi nizungumze nini?"

Wakamfuta. Jina lake halimo popote katika matokeo ya mwaka ule. Tulitoka, tukasimama kwa mwanamke anayeuza nyama ya nguruwe ya kuchoma yenye siki, tukala ndani ya lori vioo vikiwa wazi. Wendell alimaliza yake yote ndipo akafungua mdomo.

"Kile chumba cha nyuma ni kidogo," akasema. "Dewey, kesho toa yale matairi yaliyorundikwa humo upande wa pili. Vitaingia viti vingine vitano, sita."

Kendra akalamba vidole, akatazama nje ya dirisha upande wake.

Ndivyo ilivyoanza ligi ya gereji. Kendra hakurudi kwa Curtis, ingawa Curtis alimpigia simu kumbembeleza. Kwetu sheria ya viti ni moja: anayetaka kutikiswa aje na mtambo wake, asiyetaka asiulizwe sababu. Alikuja mzee asiye na miguu anayefunga breki kwa mkono. Wakaja mabinti wawili wa shule. Akaja hata Ofelia, akawa dereva mbaya kuliko wote niliowahi kuona, na Kendra akamkaripia kwa raha.

Tanner alitokea Alhamisi moja ya kiangazi, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Kuna nafasi?"

"Ipo ya mwisho kabisa," Kendra akasema. Alikuwa anamrekebishia yule mzee kiti, hakugeuka.

"Nilitaka... ile kona ya mteremko. Nimeirudia nyumbani mpaka nimechoka. Sijui unafanyaje."

"Mimi naitwa nani?"

Kijana akameza mate. "Kendra."

"Sijasikia vizuri. Hili sikio bovu."

"Kendra," akasema kwa sauti, na chumba kizima kikamtazama.

"Haya, Tanner. Kaa pale nyuma, uanze wa mwisho. Na huo mguu wa breki uvue kiatu, hapa hatuui mende."