Mistari Mitano ya Mbele

Mikono ya Dada ilisimama katikati ya kichwa cha bibi harusi. Haikushuka wala haikuendelea. Ilibaki juu, vidole vimekamata nywele, kama ya mtu aliyesikia jina lake likiitwa nje. Mdogo wake, aliyekuwa akichambua rasta mezani, aliinua macho. Katika saluni ile ya viti vitatu na feni moja yenye kelele, mikono ya Dada haikuwa na desturi ya kusimama.

"Inavuta?" Dada alimuuliza bibi harusi.

"Kidogo tu. Naweza kuvumilia."

"Sikukuuliza kama unaweza kuvumilia, mpenzi. Nimekuuliza kama inavuta."

"Inavuta," binti akakiri, na machozi yakamlengalenga.

Mdogo mtu alisogea kutazama, akabaki mdomo wazi. Mistari ya nyuma ilikuwa kazi ya kila siku ya Dada: safi, imenyooka, haina mchezo. Lakini ile mitano ya mbele, aliyoisuka kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilikuwa myembamba mno, imejipinda juu ya paji la uso na kukutana utosini bila hata unywele mmoja kupotea njia. Katika miaka yake kumi na miwili ya kushika kitana, mdogo mtu hakuwahi kuona usukaji mzuri kiasi kile. Shangazi wa bibi harusi, mama mwenye mwili na sauti ya kuamrisha, alikuwa ameshaipiga picha mara tatu.

"Ifumue," Dada akamwambia mdogo wake.

"Niifumue ipi?"

"Hiyo mitano. Kisha kichwa umalizie wewe."

"Dada, una wazimu?"

Neno lilimponyoka, na hapohapo akatamani kulirudisha kinywani. Dada akacheka.

"Bado. Ndiyo maana nakwambia sasa. Jana nimelala masaa mawili tu, na nimeamka na mpango wa kufungua saluni nne."

Mdogo mtu alielewa. Miaka miwili nyuma mikono hiyohiyo ilianza kukimbia hivihivi, na watu wote, yeye akiwa wa kwanza, waliishangilia. Dada alisuka siku nne bila kulala, akawagawia wapita njia vifaa vya saluni, akautangazia mtaa mzima kusukwa bure. Alianza kunywa pombe ili atulie. Mwili ulipoizoea, akaongeza. Kisha akaanguka: mwezi mzima kitandani, uso kauelekeza ukutani, akinywa ili asihisi chochote. Tangu alipotoka hospitali ilikuwa imepita miezi kumi na saba ya vidonge asubuhi na jioni, bila tone la pombe. Kwa miezi yote hiyo mdogo wake alimlinda kama askari wa zamu. Alinusa vikombe vyake, alikagua vidonge vyake alipokwenda kuoga, na wateja walipouliza, aliwaambia Dada ana presha. Aliamini kabisa kwamba bila yeye nyumba ingeanguka.

"Haiwezekani," shangazi alisema. "Tumekufuata wewe, hatukumfuata mdogo wako. Harusi ni kesho! Kwani una nini?"

Mdogo mtu alifungua mdomo aitoe ile presha yake ya siku zote. Dada akamuwahi.

"Nina maradhi ya akili, Shangazi. Hisia zangu hupanda mpaka darini, kisha zikaporomoka mpaka chini ya kitanda. Natumia dawa. Na nilikuwa mlevi, nimeacha. Leo naona zinapanda. Mikono yangu ikikaza namna hii, zimebaki siku mbili tatu kabla sijajiona mimi ndiye daktari na daktari ndiye mgonjwa. Kwa hiyo naenda kliniki sasa hivi, wakati ninajisikiliza bado."

Shangazi alimtazama kutoka juu mpaka chini. "Kumbe kichwa cha mtoto wetu tumemkabidhi..." Hakumalizia. Mdogo mtu alitamani ardhi ipasuke immeze. Alimtupia Dada jicho la pembeni, akitarajia kumkuta ameinama kwa aibu. Dada alikuwa anavua aproni na kuikunja vizuri, pembe kwa pembe.

"Shangazi, kinachovutwa ni kichwa changu," bibi harusi alisema pale kitini. "Na yeye ndiye aliyeniuliza."

Dada alifika mlangoni akasita. Hapo ndipo mdogo wake alipouona woga usoni mwake. Mpaka kliniki ni mwendo wa dakika kumi, na njiani kuna baa mbili ambazo saa hizo huwa zimeshafunguliwa. Siku zote walikwenda pamoja.

"Subiri nimalize, nikupeleke."

"Ukimaliza itakuwa jioni. Jioni nitakuwa nimeshajidanganya." Kisha Dada akamgeukia yuleyule aliyemdharau. "Shangazi, nisindikize. Siombi huruma. Naomba mtu wa kutembea upande wa baa."

Shangazi aligeuka. Alimtazama bibi harusi, akautazama mlango. Akachukua mkoba wake.

"Ziko upande gani?"

"Kushoto."

"Basi wewe pita kulia. Na utembee haraka, nina mambo mengi ya harusi."

Mdogo mtu aliwatazama kupitia kioo cha dirisha wakishika njia. Shangazi alikuwa kushoto, mpana, ameziba kila kitu, tayari anasema maneno mengi, mkono mmoja hewani, na Dada anaitikia kwa kichwa. Alijiona mjinga. Miezi kumi na saba alinusa vikombe vya chai, na kazi yenyewe, ile ngumu, ilikuwa ikifanywa na Dada mwenyewe kila siku mbele ya macho yake. Alimwonea Dada fahari.

Akashika kitana, akaanza kufumua mstari wa kwanza taratibu. Uliachia kwa shida. Bibi harusi akashusha pumzi ndefu, mabega yakalegea.

"Yule ni dada yako kweli?" aliuliza. "Au mnaitana tu hapa saluni?"

"Dada yangu," alijibu, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko chumba kilivyohitaji. "Tumbo moja."