Gari la Ubia

Marehemu kaka yangu alikuwa mlinzi wa jengo lenye kampuni tatu. Zote zilimpata kwa wakala mmoja, na kila moja ilimpa kofia yake, kwa hiyo alibadilisha kofia kulingana na mgeni. Kampuni zenyewe ziliuita mpango huo ubia.

Alipofariki, niliziomba kampuni na wakala gari la kumpeleka makaburini. Wakanipiga danadana.

"Pole sana, dada. Huyo ni wa wakala," kampuni zilisema.

"Sisi tuliwapa tu. Waliomtumia ni wao," wakala alijibu.

Mwishowe waligawana: huyu alete gari, yule dereva, mwingine mafuta. Siku ya mazishi gari lilifika mlangoni likazima. Kazi ya mafuta alikuwa amepewa wakala mwingine, naye hakupokea simu.

"Basi sukuma!" shangazi alimfokea dereva.

"Shangazi, mimi nimekodiwa kuendesha. Kusukuma ni kampuni nyingine."

Shangazi alicheka huku analia. Majirani wakalibeba jeneza mabegani, tukaondoka kwa miguu. Tulipofika kona nilisikia mtu anakimbia nyuma yetu. Alikuwa yule dereva.

"Nipisheni na mimi," alisema, akaingiza bega chini ya jeneza.