Kicheko cha Shemeji

Mama mkwe ndiye aliyemsikia kwanza. Alikuwa uani anakamua shuka, na jirani wa upande wa pili wa ukuta alikuwa amefungulia simu yake sauti juu, anasikiliza podikasti ya vichekesho. Mara beseni likaanguka. Kandambili akatoka mbio, mswaki mdomoni, akamkuta mama wa watu amebana sikio kwenye matofali kama mpelelezi.

"Baba," alisema yule mama, "mwanangu yuko humo. Anacheka."

"Mama, ingia ndani ukae kidogo."

"Usinikalishe! Nilimzaa mimi. Hebu sikiliza."

Akasikiliza. Kule ng'ambo ya ukuta kijana mmoja alikuwa anasimulia jinsi mbwa wake alivyokula viatu vya mgeni, utani usio na kichwa wala miguu. Alipofika mwisho, kabla mtu mwingine hajapumua, mwanamke akacheka. Kicheko kilianzia chini, kama cha mtu anayejizuia mbele ya wakubwa, kikapanda, kikapasuka, kikavuta pumzi kwa kelele. Kandambili akautema mswaki. Alikuwa ni mkewe, yule waliyemzika kabla mvua hazijaanza, na mvua zenyewe zilikuwa bado hazijaisha.

Kandambili si jina alilopewa na wazazi. Zamani alikuwa mpaka rangi wa nyumba za watu, na siku ya kwanza kupanda jukwaani alipanda na ndala mbili zisizofanana, moja ya buluu na moja nyekundu. Hakukusudia kuchekesha kwa miguu. Ndizo alizozikuta mlangoni. Watu wakacheka hajafungua mdomo, na jina likamganda. Lakini wenye kazi hiyo wanajua siri yake: ukumbi haucheki. Anacheka mtu mmoja, ndipo wengine wanaona kumbe si aibu. Mtu huyo alikuwa mkewe. Aliketi kiti cha mbele, pembeni kidogo, mkoba juu ya magoti.

Na hakuwa mtu wa kucheka kwa huruma. Nyumbani Kandambili alimjaribishia utani wakati anapiga pasi. Kama haukumgusa, hata hakuinua macho.

"Hiyo haijaiva," alisema. "Rudisha jikoni."

Naye alirudisha. Aliugeuza utani wiki nzima, mpaka siku pasi iliposimama na shati likaungua. Hapo alijua umeiva. Mashati yote aliyopandia jukwaani yalikuwa na alama za pasi.

Bosi wa studio alikiona kile kicheko kabla hajamwona Kandambili mwenyewe. Walipoanza podikasti aliagiza maiki ya peke yake iwekwe kwenye kiti cha mke wa Kandambili. "Shemeji, wewe ndiye dawa ya kipindi," alimwambia, akampa soda. Studio nzima ikamwita Shemeji. Kandambili alivimba kichwa kwa furaha. Siku hiyo ni yeye mwenyewe, kwa mikono yake, aliyekivuta kiti cha mkewe kikaikaribia maiki zaidi.

Kisha kikaja kikohozi. Kilijishika kwenye mkia wa kicheko: akicheka, anamalizia kwa kukohoa. Bosi akamwita Kandambili koridoni.

"Mwambie Shemeji akohoe kwao. Ananiharibia sauti."

"Anaumwa, bosi. Naomba ruhusa nimpeleke hospitali kubwa."

"Wiki hii kuna kipindi cha mdhamini. Wiki ijayo, ndugu yangu. Kikohozi hakiui mtu."

Wiki ijayo ikawa na mdhamini mwingine. Bosi mwenyewe alipochomwa na mwiba wa samaki kooni alipelekwa hospitali na gari la studio, king'ora cha mdomo kikipigwa na dereva. Lakini kikohozi cha Shemeji kilingoja nafasi. Walipofika huko, daktari alimtazama Kandambili kama mtu aliyeleta nyumba baada ya moto, akauliza, "Mlikuwa wapi?" Hakuna aliyemuuliza bosi alikuwa wapi.

Sasa Kandambili alivaa shati lenye alama ya pasi, akaenda studio. Ofisini kwa bosi kulikuwa na kiyoyozi na kiti cha mgeni kilichokatwa miguu makusudi, ili kila anayekuja kuomba aombe kutoka chini. Hakukaa.

"Bosi, mnamtumia mke wangu."

"Pole sana kwa msiba, ndugu yangu."

"Pole nilishapewa. Nataka mkitoe kicheko chake kwenye vipindi. Na mnipe mimi sauti zake zote."

Bosi akabonyeza kengele. Fundi mitambo akaingia, macho kwenye viatu vyake.

"Fundi, eti tunatumia kicheko cha marehemu?"

"Tunatumia vyote, bosi. Kifupi, kirefu, na kile cha kuvuta pumzi." Alivitaja kama muuza duka anayetaja rangi za kopo.

"Umeona? Hatubagui," bosi alisema. "Sauti ikishaingia kwenye maiki yangu ni yangu. Na mbona alipokuwa hai hukulalamika?"

"Alipokuwa hai alikuwa anachagua cha kuchekea."

Bosi akacheka peke yake, akaipenda ile kauli, akaiandika kwenye simu. Halafu akajiegemeza.

"Sikiliza. Watu wanauliza Kandambili kapotelea wapi. Nipe onyesho moja, Jumamosi alasiri. Uzungumzie msiba wako. Ukinipa hilo, nakukabidhi sauti zote, na huku nafuta. Neno la mwanaume."

"Nichekeshe watu kwa maiti ya mke wangu?"

"Kwa msiba. Usinitie maneno mdomoni. Na mama mkwe umlete, akae kile kiti cha Shemeji. Itapendeza."

Njiani Kandambili aliapa hatafanya. Kwenye simu yake alikuwa na picha tu. Nani anahangaika kurekodi kicheko cha mtu aliye chumba cha pili? Alipomweleza mama mkwe, akitegemea atukanwe, mama alimalizia kwanza kukunja nguo.

"Wakikupa sauti ya mwanangu," alisema, "mimi hata juu ya makaa nitakaa."

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa sakafuni. Mshereheshaji alikuwa kijana waliyemwita Mpwa, kwa sababu alikuwa mpwa wa bosi na hakukuwa na sifa nyingine ya kumwitia. Ndiye yule wa mbwa na viatu. Alimkaribisha Kandambili kwa kujifuta machozi ya uongo, akapigiwa makofi.

Kandambili akasimama na ndala zake za rangi mbili. Mama mkwe alikuwa pembeni mbele, mkoba wa binti yake juu ya magoti.

"Hospitali tulikuta foleni," alianza. "Mke wangu akasema sawa, tupange. Tumepanga, tumepanga, tumefika mbele. Tukaambiwa, hii ni foleni ya kuchukua namba. Foleni yenyewe iko kule."

Watu walicheka kwa kuibia, huku wakitazamana.

"Siku ya mazishi kila mtu ananishika mkono, ananiambia jikaze. Shangazi, jikaze. Mjumbe, jikaze. Bosi wangu naye, jikaze. Nimejikaza mpaka jioni, natafuta choo, nashindwa kujilegeza."

Hapo walicheka kweli. Jasho lilimtoka Kandambili, na kwa dakika ile, Mungu amsamehe, alijisikia vizuri. Akaenda kwenye utani wa mwisho. Huu hakuwa amemjaribishia mtu yeyote. Nyumbani pasi ilikuwa imelala baridi tangu msiba.

"Mke wangu alikuwa hapendi kunitangulia hata mlangoni. Wewe baba, tangulia. Mwaka huu nikamwambia, haya mama, leo tangulia wewe. Kanisikiliza! Mara ya kwanza kunisikiliza, na kaenda moja kwa moja."

Watu hawakujua kama inaruhusiwa kucheka, na hakukuwa na wa kuwaanzia. Kwa mazoea Kandambili akatazama kile kiti cha pembeni. Mama mkwe alikuwa ameubana mkoba kwa mikono miwili, kama abiria anayeogopa kuibiwa.

Ndipo spika kubwa zikamtoa. Shemeji akacheka. Fundi alikuwa amebonyeza kile kirefu: kikaanzia chini, kikapanda, kikapasuka juu ya vichwa vya watu wote. Na ukumbi, ulipoona kumbe si aibu, ukalipuka. Walipiga miguu chini. Walishikana mabega.

Mama mkwe akainuka. Akageuka nyuma, akaanza kumtafuta mwanawe uso kwa uso, safu kwa safu, midomo ikimwita jina la nyumbani. Watu wakadhani ni sehemu ya onyesho, wakampigia makofi. Mpwa akashuka kumkumbatia ili wapigwe picha.

Jumatatu Kandambili alifika mapema. Bosi hakumngoja aseme.

"Nikifute sasa hivi? Una wazimu? Hakijawahi kusikilizwa kipindi kama hicho. Watu wote wanauliza, huyo mama anayecheka ni nani? Shemeji amekuwa nyota, ndugu yangu. Utamnyima?"

"Ulinipa neno."

"Nilikupa sijajua ninachotoa."

Mlinzi akamsindikiza nje, mkono mgongoni. Fundi alimkuta kwenye ngazi akiwa bado hajajua aelekee wapi, akachuchumaa kando yake.

"Kaka, hata mimi ningekunyofolea. Ila sauti zake nzima hazipo. Bosi aliniambia nitoe vikohozi, nitoe na maneno, nibakize kicheko kitupu. Vingine nilifuta, mashine ilikuwa imejaa."

"Maneno gani?"

"Ya katikati ya vipindi. Anakuambia umesahau mstari. Anakuambia funga kifungo." Fundi akajikuna shingo. "Humo Shemeji mwenyewe hayumo, kaka. Kimebaki hicho kicheko, na hicho kiko kwenye mashine ya bosi. Ukitaka kukisikia, njoo kazini."

Na Kandambili akaja kazini. Watu wa mtaani walimsema, wakasema amejiuza, wakati huohuo wakisikiliza. Bosi alimfungulia kipengele kipya: yeye anakaa kwenye kile kiti kilichokatwa miguu, Mpwa anasimama na kumchana, kumfanyia kejeli mbele za watu. Haikumchukua muda kugundua namna fundi alivyoagizwa kufanya kazi. Kandambili akijibu, hata ajibu vizuri namna gani, analipwa kile kifupi. Akichanwa yeye, kinawekwa kirefu.

Basi akaacha kujibu.

Nyumbani mama mkwe alikuwa amenunuliwa simu. Aliiweka juu ya ukingo wa karo, akafua taratibu, maji kidogo kidogo ili yasipige kelele. Hakuwa anafuata mazungumzo; yeye alingoja kirefu tu, na kikija alisimamisha mikono ndani ya povu mpaka kiishe.

"Mzee," Mpwa alisema siku moja, ukumbi umejaa, maiki imemgusa mdomo, "hivi kandambili moja ikikatika, ile nzima inafanywaje?"

Kandambili akainamisha kichwa.

"Inatupwa jalalani na mwenzake! Sasa wewe, mzee, mbona bado uko mlangoni kwetu?"

Fundi akabonyeza. Kandambili akafumba macho. Kilianzia chini, kikapanda, kikapasuka, na mahali pale ambapo kikohozi kilikuwa kinaingia pakapita kimya kidogo, safi, kilichokatwa na mashine. Ukumbi ukapokea. Ulipotulia, Mpwa alikuwa amekwisha kugeuka kwenda kwa wadhamini.

Kandambili akaivuta maiki kwake, kama alivyowahi kuvuta kile kiti.

"Hiyo haijaiva, Mpwa," alisema. "Rudi hapa. Nichane tena."