Ubao wa Waliobaki

Wanaume wa mji wetu mdogo wa Corrigal walipoteza nyumba thelathini na mbili, kanisa, ukumbi na daraja kwenye moto wa msituni wa mwezi wa kwanza, na kitu cha kwanza walichokitaka ni banda la kushindia. Sitanii. Ilikuwa mwezi wa nne, watu bado wanalala kwenye karavani na kunusa majivu kila upepo ukigeuka, na Merv Hannaford, aliyekuwa muuza nyama wetu miaka arobaini, akasimama mkutanoni akasema tunahitaji banda la wanaume. Mahali pa kuranda mbao na kunywa chai. Wakampigia makofi. Watu ambao hawajawahi kunyoosha hata msumari uliopinda waliipigia makofi randa.

Mimi nilifanya kazi kiwanda cha mbao miaka thelathini na minne. Kabla ya moto, kila mwanamume mwenye akili zake hapa alikuwa na banda lake nyuma ya nyumba, na alilipenda kwa sababu hapakuwa na mwanamume mwingine ndani yake. Kujenga moja la wote ni kama kuchangia mswaki. Nikajiunga na kamati hata hivyo, maana ningewaachia wenyewe wangeweka mlango unaofungukia ukutani.

Watu wema wa mjini wakatutumia vifaa. Keekee kumi na tisa bila chaja. Misumeno iliyoota kutu mpaka hujui meno yalikuwa upande gani. Mtu mmoja alituma nusu ya mashine ya kukereza, pamoja na barua ya kututakia moyo mkuu. Serikali nayo ikatuletea mama mwenye kalamu za rangi, akatupanga viti kwa duara na kutuuliza tunajisikiaje. Merv akamjibu kwamba madirisha yaelekee kaskazini, yapate jua kama ilivyo huku kusini mwa dunia. Mama wa watu akauliza habari za mioyo saa nzima, nasi saa nzima tukamjibu habari za mabati. Alipoondoka alikuwa amechoka kuliko sisi.

Mwenyekiti wakamchagua Alwyn Pettifer. Huyu ni mwalimu mstaafu, mrefu, mpole, mikono laini. Siku ya moto Alwyn alifungasha mke, paka na albamu za picha saa nne asubuhi, wakati moshi wenyewe ulikuwa bado ng'ambo ya mlima, akatokomea. Mimi nilibaki. Nyumba yangu iliungua mbele ya macho yangu, lakini moto ulipopita nilizima cheche kwenye mapaa ya majirani watatu, na mojawapo lilikuwa paa la Alwyn. Nililowesha mabati yake kwa maji ya tangi langu huku yeye yuko kwenye uwanja wa maonyesho, kilomita sitini, anakula soseji za msaada. Sasa ndiye anaongoza mikutano.

Sikumwacha apumue. Siku tuliyosimamisha nguzo za chuma alianza kupanda ngazi.

"Shuka, Alwyn," nikamwambia. "Ukiona mvuke wa birika huko juu utatukimbia, tubaki tumeshika nguzo."

"Na paka utambebea wapi?" Merv akadakia.

Wakacheka wote. Alwyn naye akatabasamu, akanikabidhi bolti, akashuka. Nilimdharau zaidi kwa lile tabasamu. Mtu ukimtukana namna ile anapaswa angalau kukurushia kitu.

Hapa lazima niseme habari za mke wangu, Glenys, maana ndiye aliyekuwa kichwani mwangu kila bolti niliyokaza. Tangu mwezi wa pili alikuwa mjini Bendigo kwa dada yake. Watu wakiuliza niliwaambia ni mapafu, moshi ulimwingia, daktari kamkataza kurudi. Mapafu yake hayakuwa mazuri, ni kweli. Lakini aliondoka kwa sababu nyingine, na alinitajia kabla hajapanda basi.

Siku ile ya moto Glenys alitaka tuondoke. Alisema saa tatu, akasema saa tano, saa sita akafunga begi akaenda kutafuta funguo za gari. Hakuziona. Zilikuwa ndani ya soksi yangu. Nilimwambia huenda kaziangusha bustanini, nikamwacha apekue maua huku mimi najaza ndoo. Nilikuwa na pampu mpya, unaelewa. Nilikuwa nimesubiri miaka kumi moto uje niwaonyeshe watu. Saa nane mchana mbingu ikawa nyeusi, pampu ikazimika, na sote wawili tukaingia kwenye bwawa la ng'ombe, maji shingoni, blanketi la sufu kichwani. Tulikaa humo saa mbili. Yeye ndiye aliyeona zile funguo nilipovua viatu baadaye.

Alichotaka hakikuwa samahani. Samahani nilimpa kila siku kwa simu, anazikata katikati. Alitaka niwaambie wanaume wa Corrigal kwa mdomo wangu kwamba yeye alitaka kuondoka na mimi nikamzuia. "Wewe ni shujaa wao," alisema. "Waambie ulifanya nini. Siku utakayowaambia nitarudi."

Kitu kidogo, sivyo? Miezi tisa sikukiweza.

Banda likaisha mwezi wa kumi. Sakafu ya zege, mabati ya kijani, mlango unaofunguka panapotakiwa kwa sababu niliusimamia mimi. Ikabaki kuamua kazi ya kwanza. Kina mama wa mji mzima hawakuwa na meza za kulia. Shule haikuwa na rafu. Kamati ikajadili kwa umakini mkubwa na kuamua kwamba kazi ya kwanza iwe ubao wa heshima.

Ukumbi wetu wa zamani ulikuwa na ubao wa waliokwenda vitani, majina kwa herufi za dhahabu, na uliungua na kila kitu. Merv akasema safari hii tuandike waliobaki kupambana na moto. Majina kumi na moja, yote ya wanaume. La kwanza langu.

Nilitakiwa kukataa pale pale. Nilichofanya ni kutazama chini, kusema mimi si mtu wa makuu, halafu nikauliza herufi zitakuwa na ukubwa gani.

Jioni nikampigia Glenys.

"Wameniweka wa kwanza," nikamwambia.

"Umewaambia?"

"Bado. Si rahisi, mpenzi, wewe huwajui hawa watu."

"Nawajua miaka arobaini, Des. Merv kanialika kwenye ufunguzi, na nitakuja. Ukisema, nalala kwenye hiyo karavani yako inayovuja. Usiposema, narudi Bendigo siku hiyo hiyo na usinipigie tena."

Akakata simu kabla sijaanza kumwomba samahani.

Anayejua kuchonga herufi alikuwa mmoja tu, na alikuwa Alwyn. Sikuamini mpaka nilipomwona. Ile mikono laini ilishika patasi kama mikono ya fundi. Alichukua gogo la mkaratusi lililoungua nje na kubaki jekundu ndani, na kazi ya kulipiga msasa nikapewa mimi. Kwa hiyo wiki nzima mwoga wa Corrigal na shujaa wa Corrigal walisimama bega kwa bega kwenye meza moja. Yeye anachonga jina langu, mimi nasugua pembeni.

Siku ya tatu aliuliza bila kuinua macho, "Nichonge Des au Desmond?"

"Chonga unavyotaka. Wewe mwenyewe hutaki jina? Tungekuwekea ubao wa waliowahi kufika kwenye soseji."

Akapuliza unga wa mbao. "Glenys alinipigia siku ile," akasema.

Nikaacha kusugua.

"Saa saba kasoro," akaendelea. "Alisema funguo hazionekani, nije nimchukue. Niliingia garini nikarudi. Polisi walikuwa wameshafunga barabara pale kwenye kona ya machimbo, wakanikatalia. Nikawasihi. Nilipojaribu kupita kwa nguvu mmoja akachomoa funguo zangu. Nilikaa pale na mke wangu tunatazama moto unashuka. Nilijua mmekufa."

"Glenys alikwambia zilikuwa wapi?"

"Alinieleza mwezi wa pili, kabla hajaondoka."

"Na umenyamaza muda wote huu. Nimekutukana mbele ya watu, umenyamaza."

"Ningesema nini? Lile si langu kulisema." Akaweka patasi sawa na kugonga mara moja, taratibu. "Kuitwa mwoga nimezoea, Des. Nilifundisha watoto wa sekondari. Wewe ukiitwa kitu, sijui kama utazoea."

Nikaendelea kusugua. Dharau yote niliyommwagia mtu yule tangu mwezi wa kwanza ilikuwa imerudi nyumbani, na nilijiona mdogo, mjinga na mnafiki. Hata hivyo siku ya nne sikusema kitu, wala ya tano. Nilimwacha amalize jina.

Ufunguzi ukawa Jumamosi asubuhi. Soseji, mikate, birika kubwa, watu themanini. Ubao ukutani umefunikwa shuka. Glenys alikuja kwa basi, akasimama nyuma karibu na mlango na mkoba wake begani. Alikuwa amekonda. Hakunipungia mkono.

Merv akavuta shuka, watu wakashangilia, na akaniita nizungumze kwa niaba ya waliobaki. Nikasimama mbele yao. Nilimtazama Alwyn, naye akatazama viatu vyake, akaniacha peke yangu, maana halikuwa lake kulisema.

"Jina langu halistahili kuwa pale," nikasema. "Glenys alitaka tuondoke. Mimi nikazificha funguo za gari. Hakuchagua kubaki. Nusura nimuue."

Nilijiandaa kwa mambo mengi. Kutemewa mate. Kimya. Sikujiandaa kwa kicheko.

"Msikieni mzee," Merv akasema huku ananipiga mgongoni. "Hata leo hataki sifa."

"Mke wangu mimi ningemficha mwenyewe, siyo funguo," mwingine akapiga kelele toka kwenye birika, na wakacheka tena.

"Kila mtu angefanya hivyo, Des," wa tatu akasema. "Mambo ya siku ile yaache."

Na wakaanza kupiga makofi. Mtu akanipa mkate wenye soseji. Nilisimama pale nimeushika, sosi ikinidondokea kwenye kiatu, na nikawaona jinsi walivyo. Wamejenga banda zima ili wasiambiane neno, na anayethubutu kusema wanamzima kwa makofi. Niliwadharau kwa moyo wote, na ubaya wake ni kwamba kila uso niliouona ulikuwa wangu. Mwaka mmoja nyuma mimi ndiye ningepiga kelele toka kwenye birika.

Sehemu yangu fulani ilifurahi pia. Nilishasema, si ndiyo? Alitaka niseme, nimesema. Nikamtafuta kwa macho.

Glenys alikuwa anapita katikati ya watu. Walimpisha huku wakimpa pole ya mapafu. Merv akamwahi.

"Glenys, mama, tumefanya kosa. Tutaongeza na jina lako. Des na Glenys, pamoja."

"Usiniandike," akamjibu. "Mimi nilizuiwa. Ndiyo kasema sasa hivi, hukusikia?"

Merv akacheka kidogo, akaona hakuna anayemfuata, akaacha.

Glenys akafika mbele yangu. Aliutoa ule mkate mkononi mwangu na kumpa Alwyn.

"Hawajakusikia," akaniambia. "Rudia."

"Glenys, nimeshasema."

"Rudia, Des. Taratibu. Na useme zilikuwa wapi."

Nikarudia. Nilianza na saa tatu asubuhi, nikaja saa tano, begi, maua aliyoyapekua kwa magoti. Nilisema soksi. Nilisema pampu mpya. Aliyekuwa kwenye birika akazima birika. Safari hii hakuna aliyenisaidia kwa utani, na nilipofika kwenye habari za bwawa, Glenys alivuta kiti, akaweka mkoba wake sakafuni, akakaa kusikiliza.