Chokoleti ya Saa Nne

Hoteli yetu hapa Antigua ilikuwa nyumba ya watawa kabla ya tetemeko kubwa. Chumba cha mikutano ndipo walipokuwa wakila: kuta nene, dirisha moja la uani, na meza ya mwerezi ya watu kumi na wawili. Hatuongezi viti, hata aombe waziri.

Siku ya mkutano wa kwanza niliouhudumia walikuja watatu tu: Hermelinda Barrundia, dada yake Amparo, na mwanasheria wao. Dada hao walikuwa hawajasemezana kwa miaka sita. Wasipoelewana kufikia adhuhuri, shamba la kahawa la mama yao lingegawanywa, na mpaka ungepita katikati ya nyumba.

"Mwambie," Amparo alimwagiza mwanasheria, "upite hata jikoni!"

"Mwambie nimesikia. Anayezeeka ni yeye, siyo masikio yangu."

Mwanasheria alipangusa miwani, ramani ya shamba imetandazwa mbele yake. Nami nilikuwa mlangoni na sinia, vikombe vitatu vya chokoleti nimeshavijaza kama tulivyofundishwa chuoni.

Don Higinio, mhudumu wa hapa kwa miaka thelathini na minane, alinizuia.

"Rudisha, binti."

"Vitapoa!"

"Vipoe. Ukishamjazia kila mtu, atamwomba nani?"

Akaingia na vikombe vitupu. Birika la chokoleti aliliweka mbele ya Amparo, sukari mbele ya Hermelinda, biskuti kwa mwanasheria. Kisha akasimama ukutani, kando yangu mlangoni. Nilitaka kukimbia nikawamiminie. Akanishika mkono wa sweta.

Hermelinda alikisukuma kikombe chake kitupu kuelekea birika.

"Amparo, utalikumbatia hilo mpaka lini?"

"Mpaka unipe sukari."

"Bado vijiko vitatu?"

"Kimoja. Daktari amekataza."

"Kisukari? Tangu lini?"

"Mwaka juzi."

Hermelinda aliinuka. Akaizunguka meza ile ndefu na kibakuli cha sukari mkononi, akaketi kando ya dada yake. Akamtilia nusu kijiko.

"Nimesema kimoja!"

"Nusu. Unataka kuniachia shamba lote peke yangu?"

Amparo alicheka huku akijifuta macho, akammiminia mdogo wake hadi ukingoni. Mwanasheria akakohoa, akauliza kama sasa waendelee na mpaka.

"Kunja hiyo ramani," Hermelinda akamwambia. "Tunataka pa kuweka biskuti."